Sufuria Mama

Katika mji wa Kent, kusini mwa Seattle, siku isiyo na mvua haiachwi ipite hivi hivi. Majirani hukata nyasi, huosha magari, hutembeza mbwa. Nyuma ya nyumba moja ya mbao iliyopakwa rangi ya kijivu, mwanamume wa Tanga aliyeipita miaka hamsini huvaa buti za ngozi, suruali nzito ya pamba na aproni iliyoungua hapa na pale, hushusha ngao ya plastiki usoni, kisha huwasha tanuri lake. Mtaani kote, kwa Wasomali na Wakongo, kwa Wamarekani weupe na weusi, anajulikana kwa jina la Fundi, naye amekwisha kulizoea hata akipokea simu hujitaja hivyo. Usiku hupanga maboksi katika ghala mojawapo kati ya mengi yaliyojaa bonde la mto Green. Jumamosi mchana husubu.

Kusubu ni neno lililomo katika kamusi zetu, ingawa wengi waliozaliwa mijini hawajapata kulitamka. Si sawa na kufua. Mfua chuma hukipasha moto kikalainika, akakipiga nyundo hata kikakubali umbo analolitaka. Msubu hukiyeyusha kikawa maji, akakimimina mahali alipopaandaa kabla, akangoja. Mahali hapo huitwa kalibu, na katika ua alimokulia Fundi utani usiokosekana siku ulikuwa ule wa kumwambia mgeni, "Karibu kalibuni," mgeni asijue kama amekaribishwa ndani au ametishwa kutiwa motoni.

Ua huo ulikuwa Ngamiani, katika mojawapo ya zile barabara za Tanga zinazoitwa kwa namba. Mwenyewe alikuwa mjomba wake, aliyemchukua akiwa na miaka saba baada ya baba kwenda Unguja kutafuta kazi na asirudi. Mjomba alisubu sufuria. Vyombo vyake vyote vingetosha mkokoteni mmoja: feni ya bati iliyozungushwa kwa gurudumu la baiskeli, chungu cha chuma cha kuyeyushia, koleo mbili ndefu, fremu za mbao, na lundo la mchanga mweusi uliotumika miaka mingi hata ukawa laini kama unga wa dengu. Tanuri lenyewe lilikuwa shimo lililojengewa matofali. Kazi ya mtoto ilikuwa kuzungusha gurudumu la baiskeli, asubuhi nzima, mkono ukichoka anabadili. Hakuruhusiwa kumimina. Mjomba hakuwahi kueleza sababu. Alionyesha tu mguu wake wa kushoto, ambao ngozi yake kuanzia kifundo hadi vidoleni ilikuwa imekunjamana kama ganda la embe lililoachwa juani.

Sufuria husubiwa kwa sufuria. Huchukuliwa moja iliyo nzuri, ikajazwa mchanga wenye unyevu kidogo, ukashindiliwa barabara, ikageuzwa kifudifudi juu ya ubao. Fremu huwekwa kuizunguka, mchanga mwingine ukashindiliwa pembeni na juu hata sufuria ikazikwa yote. Kisha fremu huinuliwa kwa uangalifu wa mtu anayebeba mtoto aliyelala, sufuria ikavuliwa kutoka juu ya mchanga wake wa ndani, fremu ikarudishwa pale pale ilipokuwa. Sasa upo mchanga wa ndani na upo wa nje, na kati yake nafasi nyembamba yenye umbo la sufuria isiyokuwapo. Aluminiamu iliyoyeyuka huingia humo kwa mlizamu uliotobolewa juu. Mchanga ukiwa mkavu mno, kuta hubomoka. Ukiwa na maji mengi, mvuke hukosa njia na kutoboa chuma kikiwa bado laini, na mteja hununua sufuria inayovuja. Kipimo cha mjomba kilikuwa kuufumbata mchanga kiganjani na kuukata katikati kwa kidole gumba: ukivunjika kama kipande cha muhogo uliochemshwa, umefaa.

Chombo hicho kinachozikwa na kufukuliwa ndicho kigezo, na hapa pana jambo ambalo mpishi hana sababu ya kulijua. Aluminiamu hunywea inapopoa. Watu wa viwandani huhesabu takriban asilimia 1.3 ya urefu, maana yake sufuria yenye upana wa sentimita 30 huzaa mtoto mwenye sentimita 29.6. Tofauti hiyo haionekani kwa macho. Lakini fundi mvivu akimfanya mtoto kuwa kigezo, mjukuu hupungua tena, na kitukuu tena. Baada ya vizazi kumi upana umebaki sentimita 26 na kidogo, na karibu theluthi ya ujazo imepotea. Aliyeagiza sufuria ya kuwapikia watu kumi atajikuta anawalisha saba na kulaumu mchele. Kwa hiyo mjomba alikuwa na sufuria moja aliyoiita mama. Ilitundikwa kwenye msumari wake peke yake. Haikuguswa na moto wa jikoni wala haikuazimwa kwa harusi. Kila sufuria iliyotoka katika ua ule ilikuwa mtoto wake wa kwanza.

Mjomba alifariki mwaka 2009. Fundi, aliyekuwa Marekani mwaka wa tatu kwa bahati nasibu ya viza, aliwahi arobaini. Siku ya kuondoka, mjane alimpa ile sufuria iwe kumbukumbu. Mjane hakuwa mtu wa tanuri, na mtoto wa mjomba aliyerithi ua alikuwa kijana asiyetaka kuonekana anang'ang'ania sufuria mbele ya kaka yake. Ikafungwa ndani ya kanga, ikapanda ndege. Huko Kent mke wa Fundi aliiona ilivyokuwa, yaani sufuria nzito isiyounguza upande mmoja, akaanza kuipikia. Naye Fundi hakusema kitu. Kwa ugenini, wali wenye ukoko mzuri si jambo dogo.

Tanuri lake la kwanza alilitengeneza mwaka 2020, katika yale majira ya kuchipua ambapo watu wengi walifungiwa majumbani wakatafuta la kufanya na mikono yao. Uyeyushaji wa vyuma chakavu nyuma ya nyumba ni burudani yenye wafuasi wengi Marekani na Uingereza, na njia ya mwanzo inajulikana: ndoo ya chuma, plasta ya jasi iliyochanganywa na mchanga ikamiminwa ndani iwe ukuta, bomba pembeni, mkaa, na kikausha nywele mahali pa feni. Aluminiamu huyeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi, joto ambalo mkaa unaopulizwa hulifikia bila taabu. Mtu huanza na makopo ya soda. Fundi alikusanya makopo 200, akayakanyaga, akayatia moja moja. Kopo moja lina uzito wa gramu 13 au 14 hivi, nalo ni jembamba na limepakwa rangi nje na utando ndani, kwa hiyo sehemu kubwa huungua ikawa kile ambacho wahunzi wa kale walikiita, bila haya yoyote, mavi ya chuma. Aliengua, akaengua tena. Kilichobaki chunguni kingejaza vikombe vitatu vya kahawa.

Jirani yake wa upande wa pili wa ua, mzee wa Kimarekani aliyestaafu kazi ya mitambo katika kiwanda cha ndege cha Boeing, aliuona moshi akaja. Wengi wangetegemea malalamiko. Mzee alikuja na kitabu. Kilikuwa cha David Gingery, fundi wa Missouri ambaye mwanzoni mwa miaka ya 1980 alianza kuchapisha mfululizo wa vitabu saba vinavyomfundisha mtu wa kawaida kujenga karakana nzima kwa vyuma chakavu. Kitabu cha kwanza ni cha tanuri la mkaa. Kinachofuata hutumia tanuri hilo kusubu vipande vya mashine ya kerezo. Mashine ya kerezo nayo husaidia kutengeneza mashine nyingine. Fundi alikisoma kwa kamusi. Asilimia kubwa ya yaliyomo, alisema baadaye, alikuwa amekwisha kuyajua bila kujua kwamba anayajua: namna ya kushindilia, mahali pa kutoboa mlizamu, kwa nini sehemu nene huhitaji akiba ya chuma juu yake ili ikinywea ipate pa kunyonya.

Kumbukumbu ya namna hiyo inawasumbua sana wasomi, na pengine inafaa wasumbuke. Katika miaka ya 1970, Peter Schmidt na Donald Avery waliwaomba wazee wa Kihaya, kando ya ziwa Viktoria, wajenge tena tanuri la kuyeyushia chuma, kazi ambayo haikuwa imefanywa huko kwa miongo kadhaa. Wazee walijenga kwa udongo wa kichuguu na kwa mabaki ya chuma cha zamani, wakaingiza mabomba ya udongo ndani kabisa ya tanuri ili upepo upate joto kabla ya kuufikia moto, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 1978 katika jarida la Science. Makala yale hunukuliwa kila panapobishaniwa nani alijua nini kwanza. Lisilonukuliwa mara nyingi ni kwamba maarifa hayo yalikaa miaka yote hiyo mikononi mwa watu waliokuwa wakilima ndizi.

Mchanga wa Kent ulimshinda mwanzoni. Wa pwani una chumvi na vipande vya kome. Akanunua mchanga mweupe wa silika, na udongo wa kuushikamanisha akaupata katika duka la wanyama, kwa kuwa chembechembe zinazowekwa chini ya paka zikiwa safi, bila manukato, ni udongo ule ule wanaoutumia wenye viwanda. Shida ni kuzisaga. Ndani ya nyumba mlikuwamo kinu kimoja, nacho cha mkewe. Kwa siku tatu mke wa Fundi hakusema naye ila kupitia kwa binti yao.

Ajali nayo ilikuja, kama ilivyostahili. Asubuhi moja alimimina chuma kilichobaki katika bati la kuokea keki lililokuwa limelala nje. Lilikuwa na umande tu. Maji yakigeuka mvuke hutanuka zaidi ya mara 1,600, na yakifunikwa na chuma cha moto hayangoji kutanuka taratibu. Mlio ulisikika hadi barabarani. Matone ya aluminiamu yalipatikana juu ya paa la mzee wa Boeing, na moja lilipita kati ya glavu na mkono wa shati la Fundi, likaacha kovu lenye umbo la mbegu ya tikiti. Siku hiyo alielewa kwa nini hakuruhusiwa kumimina akiwa mtoto. Tangu hapo kila chombo hupashwa moto kwanza, na ardhi chini ya tanuri ni mchanga mkavu, kwa kuwa hata sakafu ya saruji huficha maji.

Alipoona mkono umetulia, aliishusha sufuria mama kutoka rafu ya jikoni. Aliisugua, akaipaka unga wa talki ili isinate, akaizika. Sufuria ya kwanza ilitoboka. Ya pili ilikuwa na mshono kiunoni pale chuma kilipokutana kikiwa kimekwisha kupoa. Ya tano ilikuwa sufuria. Mkewe aliigonga kwa kijiko akasikiliza, akapika wali wa nazi siku hiyo hiyo, na ukoko ukatoka duara kamili kama sahani. Habari zikaenea. Akina mama wa msikitini wakaanza kumletea vyuma: rimu za magurudumu, pistoni, kava la cherehani, birika bovu. Hakuuza. Aliyetaka sufuria alileta chuma na mkaa, akaondoka na dua. Binti yake alipojifungua mwaka 2022, chakula cha arobaini kilipikwa katika sufuria nne zilizosubiwa uani pale, na bibi mmoja kutoka Bukavu alimwita Fundi jikoni akamwombea mbele ya watu.

Mtoto alipimwa damu alipotimiza mwaka. Ni kipimo cha kawaida. Tangu Oktoba 2021 mamlaka za afya za Marekani humtazama kwa karibu kila mtoto anayekutwa na mikrogramu 3.5 za risasi au zaidi katika desilita moja ya damu, ingawa Shirika la Afya Duniani husema hakuna kiasi kilicho salama. Mjukuu wa Fundi alikuwa na 8. Hakuwa mgonjwa. Alicheka, alitambaa, alivuta ndevu za babu. Risasi kwa mtoto haina haja ya kumlaza kitandani; huingia mahali panapojengwa akili, na linalopotea huko huonekana baada ya miaka, darasani, wakati hakuna tena anayekumbuka kilichopikwa.

Maofisa wawili walikuja nyumbani wakiwa na kifaa chenye umbo la bastola, kinachotumia eksirei kusoma madini. Walikuwa wapole. Walielekeza kifaa kwenye rangi ya madirisha, wanasesere, wanja wa bibi, bizari, na udongo wa uani. Mwishowe wakaomba sufuria. Swali lao halikuwa la kubahatisha: katika wilaya hiyo hiyo watafiti walikuwa wamekwisha kuona watoto wa wakimbizi wa Kiafghani wakiwa na risasi mwilini, wakaifuatilia hadi kwenye sufuria za aluminiamu zilizotoka kwao, na matokeo yakachapishwa mwaka 2022. Kabla ya hapo, mwaka 2017, Jeffrey Weidenhamer na wenzake walikuwa wamepima sufuria kutoka nchi kumi, Kenya na Tanzania zikiwemo, zilizosubiwa kwa vyuma chakavu, wakakuta nyingi zikitoa risasi zinapochemshiwa maji yenye asidi kama ya siki. Nyanya ina asidi. Ukwaju unayo zaidi.

Sufuria alizosubu Fundi zilionyesha risasi, baadhi kidogo, baadhi si kidogo. Sufuria mama ilizizidi zote.

Inatoka wapi? Inatoka kila mahali. Imo katika lehemu za rejeta, katika betri zilizopasuliwa jirani na tanuri, na katika vipande vidogo vinavyobanwa kwenye rimu kusawazisha gurudumu, ambavyo jimbo la Washington limekwisha kuvipiga marufuku lakini vimebaki kwenye rimu kuukuu. Imo hata ndani ya aluminiamu yenyewe, kwa kuwa baadhi ya michanganyiko ya mitambo huongezwa risasi makusudi ili ikatike kwa urahisi. Fundi alikuwa na tabia ya kung'oa kila kipande cha kusawazishia. Aliamini kwamba kuengua kunatosha. Lakini kinachoelea ndicho kinachoenguliwa. Risasi ni nzito zaidi ya mara nne kuliko aluminiamu, haipatani nayo, na katika chungu cha moto hushuka chini au husambaa kwa matone yasiyoonekana. Wala haiwezi kuchomwa ikatoweka, maana huchemka kwenye nyuzi 1,749, mbali na uwezo wa tanuri lolote la uani.

Fundi aliuliza swali moja. Alitaka kujua risasi iliyo katika damu ya mtoto imetoka katika sufuria ipi, ya mjomba au zake. Ofisa alisema hawezi kujua, kwa kuwa chakula kilipikwa kotekote. Mkewe ndiye aliyeona usoni mwake kwamba alikuwa anatumaini jibu fulani, na ilimchukua muda kuelewa lipi. Alitaka ziwe zake.

Binti hakumlaumu. Aliosha vyombo vyote vya mtoto, akanunua sufuria za stenlesi, akawa haji tena Jumamosi. Kwa wiki kadhaa hilo lilikuwa lawama tosha. Bibi wa Bukavu alipoambiwa, alijibu kwamba amepikia sufuria kama zile vita vitatu na kambi mbili za wakimbizi, na kwamba kama Mungu angetaka kumuua kwa sufuria asingehangaika na mengine yote. Alikataa kuirudisha. Fundi alienda kwake mara mbili, mara ya pili akiwa na sufuria mpya ya dukani. Bibi alizichukua zote mbili.

Ilibaki simu ya Tanga. Aliiahirisha hadi mfungo ukapita. Mtoto wa mjomba bado anafanya kazi katika ua ule ule, sasa ana vijana watatu na feni ya umeme, na sufuria zake huuzwa hadi Korogwe. Mazungumzo yalianza vibaya kwa sababu ya lugha yenyewe. Kiswahili kina neno moja kwa madini yale na kwa kile kinachotoka katika mtutu wa bunduki. Wazee walisubu risasi za gobori kwa risasi, nao hawakuona haja ya kuwa na majina mawili.

"Ndugu yangu," Fundi alisema, "mtoto amekutwa na risasi mwilini."

Upande wa pili palikuwa kimya, kisha sauti ikapanda. "Nani kampiga? Kaka, nani kampiga mtoto? Hiyo Marekani yenu!"

Ilimchukua dakika kadhaa kuiondoa bunduki katika habari hiyo, na alipoiondoa ilikuwa kama kwamba habari yenyewe imeondoka nayo. Mtoto ni mzima? Ni mzima. Anacheza? Anacheza. Basi. Mtoto wa mjomba alisikiliza habari za asidi na mikrogramu kwa adabu ya mdogo kwa kaka yake, halafu akauliza watu wapikie nini. Wenye fedha, alisema, hununua stenlesi dukani. Yeye anawauzia wasiokuwa nazo. Fundi akamwambia aziache rejeta na chochote kilichogusana na betri, atafute fremu za madirisha na nyaya za umeme, ambazo aluminiamu yake ni safi zaidi. Mwenzake akacheka. "Kaka, nyaya za umeme zinaletwa usiku. Ukizinunua, asubuhi uko kituoni."

Jibu hilo lina ukweli kuliko kurasa nyingi za ushauri. Mwaka 2024 jimbo la Washington lilitunga sheria ya kuzuia uuzaji wa vyombo vya kupikia vyenye risasi ya zaidi ya sehemu 5 kwa milioni, kuanzia Januari 2026. Ni sheria nzuri. Itamlinda mjukuu wa Fundi na wenzake. Lakini kifaa chenye umbo la bastola kina bei ya gari jipya, na hakuna ua wa Ngamiani wala wa Gikomba utakaokinunua. Yule anayenunua chuma kwa kilo, kwa macho, hana namna ya kuiona risasi. Hakuna aliyezungumzia mikono ya mjomba, ambayo miaka yake ya mwisho ilitetemeka hata akawa anashikiwa kikombe. Wazee wengi hutetemeka mikono na hawajawahi kugusa tanuri. Wote wawili walikuwa wakiifikiria, na gharama ya simu ilikuwa ikienda.

Fundi ameacha kusubu sufuria. Sasa husubu vitasa vya milango, namba za nyumba, na miguu ya mabenchi kwa bustani ya msikiti, akitumia fremu za madirisha anazoletewa na mzee wa Boeing. Amejaribu njia ya nta, ile iliyotumika kusubu siwa ya shaba inayohifadhiwa katika jumba la makumbusho la Lamu: umbo huchongwa kwa nta, likafunikwa udongo, udongo ukachomwa, nta ikayeyuka na kutoka, shaba ikaingia mahali pake. Bado hajafanikiwa zaidi ya ndege mmoja asiye na mdomo. Damu ya mtoto imeshuka hadi 5, kisha 3, na binti ameanza tena kuja, ingawa humshika mtoto mkono mpaka wafike mlangoni.

Sufuria mama ilirudi kwenye msumari, safari hii ndani ya gereji. Hakuweza kuitupa. Kuiyeyusha kungekuwa kuihamishia risasi ile katika chombo kingine. Kisha, baada ya Idi, ukaja ujumbe wa sauti kutoka Tanga. Rejeta ameziacha, mtoto wa mjomba alisema, amewakataza vijana kupasulia betri pale uani, ila silinda hedi hawezi kuziacha kwa kuwa bila hizo atafunga. Halafu, kwa sauti ya chini, kama mtu anayedai deni la zamani, akaeleza shida nyingine. Tangu 2009 amekuwa akizika watoto mchangani, na sasa wajukuu na vitukuu. Wateja wanalalamika kwamba sufuria zimekuwa ndogo. Aliomba arudishiwe mama.

Fundi aliisikiliza sauti hiyo mara tatu. Kigezo hakiachi madini yake mchangani. Kinacholetwa na kigezo ni umbo peke yake. Lakini sufuria ni sufuria, na siku moja atakuja mtu jikoni ambaye hajui. Aliichukua gerejini, akaifunga kwenye jiliwa, akatoboa tundu tatu kitakoni, kila moja lenye upana wa penseli. Kisha akaziba kwa nta, ndani na nje, akailainisha kwa kidole hadi isijulikane. Katika mchanga baridi itashika umbo kama zamani. Ikiwekwa juu ya moto, nta itayeyuka na maji yatamwagika jikoni.

Kijana mmoja wa msikitini alikuwa anasafiri kwenda Tanga mwezi huo. Aliinua mzigo, akauliza ndani mna nini kilicho kizito hivyo, maana kilo zake zilikuwa zimekwisha kujaa. Mke wa Fundi alikuwa ameshaifunga ndani ya kanga ile ile. Alimwambia aichukue kama mzigo wa mkononi, na kama ataulizwa uwanjani aseme ni sufuria mbovu.